Teatre ya zamani ya Katanga: kanda ikipotea, mchezo umekufa

Ukitaja Mufwankolo mbele ya mzee wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, mara nyingi atacheka kwanza. Ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, na kundi lake pia likaitwa vile. Walichekesha watu redioni, kwenye televisheni na jukwaani, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile cha cité na cha kazi.

Lakini michezo ile haikutoka kwenye karatasi. Waigizaji walipatana juu ya hadithi, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, kisha kila mtu akasema kwa maneno yake. Wimbo wa kwaya ulioandikwa kwa noti unaweza kuimbwa tena hata santuri ikipasuka. Teatre ya namna hii haina pa kurudilia: kanda njo kitabu chake.

Mmoja ulipona. Mwaka 1986, mtafiti Johannes Fabian, aliyekuwa amefanya uchunguzi Kolwezi tangu miaka ya 1960, aliuliza waigizaji maana ya methali hii: « Le pouvoir se mange entier », ni kusema, utawala unaliwa mzima. Wao wakajibu kwa kutunga mchezo, wakaucheza kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi. Fabian alirekodi mazoezi na mchezo wenyewe. Maneno yao ya Kiswahili yakaandikwa na kutoka katika kitabu mwaka 1990. Leo unaweza kuusoma, hata kuucheza tena.

Na ile ingine? Pengine iko chini ya kitanda kwako. Mabaki ya Kingamyambo yalikaa miaka mingi kama uchafu, kisha ikaonekana bado yana shaba na kobalti. Kaseti ya zamani ni vivyo hivyo. Tena, siku hizi familia nyingi za Kolwezi zinahama kwa sababu ya machimbo, na katika kuhama, boksi la kaseti linatupwa wa kwanza.

Ukiipata, fanya hivi:

- Vunja vijimeno viwili vya mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake.
- Usiipige mara moja katika mashine chafu. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na alkoli.
- Kanda ikikatika, usitupe. Inaungwa kwa utepe wa kazi hiyo, na gamba bovu linabadilishwa.
- Ihamishie kwenye kompyuta, na kopi moja ikae nyumba ingine.
- Kaa na mzee, andika maneno na majina ya wenye kusema.

Hiyo ya mwisho isingoje. Mashine inaweza kusafisha sauti, lakini haijui nani alikuwa anasema, wala watu walicheka nini. Ile kaseti iko wapi, na ule mzee, ulimuuliza lini?