Kasuku Huishi Kuliko Tunavyodhani: Nani Atamlea Baada Yetu?

Nyumbani kwangu Saint Paul, Minnesota, yumo kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Marehemu mume wangu alimnunua kwa mfugaji angali kinda, na sasa ametimiza miaka 21. Mimi nina 63. Kila alasiri huita "Njoo unywe chai!" kwa sauti ile ile ya marehemu. Wageni hucheka, mimi hufanya hesabu: akifika miaka 50, mimi nitakuwa na 92. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Umri wake

Kasuku wadogo wa asili ya Australia, wale wa kijani na buluu wanaojaa masoko ya ndege, huishi kiasi cha miaka 5 hadi 10. Kasuku wa kijivu wa Afrika akitunzwa vyema hufika 40 hadi 60. Alex, aliyefundishwa rangi, maumbo na idadi na Dkt. Irene Pepperberg, alikufa 2007 akiwa na miaka 31, na wengi walisema amekufa mapema. Cookie, kasuku mwenye kishungi wa Brookfield Zoo karibu na Chicago, aliletwa pale 1934 akafa 2016 akiwa na miaka 83. Walezi wake wa mwanzo hawakuwa walezi wake wa mwisho.

Asili yake

Kwao khasa ni misitu ya Afrika Magharibi na Kongo hadi Uganda, na pembezoni mwa magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Huko huruka kwa makundi. Wamenaswa kwa wingi mno na misitu imekatwa, hata mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg 2016 ukawaingiza katika Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali kuliko vyote. Biashara ya kimataifa ya kasuku walionaswa porini ikapigwa marufuku kuanzia Januari 2017. Marekani ilikwishabana uingizaji wa ndege wa porini kwa sheria ya 1992. Kwa hiyo anayehama Maskati kuja huku asidhani atambeba kasuku wake kama sanduku. Aulizie vibali vya nchi zote mbili mapema.

Matunzo ya kila siku

Huyu ni ndege wa jamaa. Akiachwa peke yake kutwa, huweza kujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ikabaki wazi. Mbegu tupu hazimtoshi, maana kasuku wa kijivu hupungukiwa upesi na madini ya chokaa. Anataka mboga za majani, karoti na boga. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake.

Pafu lake ni jepesi kudhurika. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula, kikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua kwa muda mfupi sana. Na sisi watu wa udi na ubani tujue kwamba moshi wa chetezo nao humdhuru. Mimi nafukiza chumba cha mbali, mlango nimeufunga. Majira ya baridi hapa hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, kwa hiyo tundu lake halikai karibu na dirisha wala mlango wa nje. Tafuta pia daktari anayejua ndege, kwani si kila daktari wa wanyama huwatibu.

Nani atamrithi?

Niliwauliza wanangu wawili. Mmoja ana mtoto mwenye pumu, na kasuku huyu hutoa unga mwingi wa manyoya. Wa pili kazi yake ni ya kuhamahama. Hawakunikosea, wamesema kweli mapema.

Kisheria mnyama ni mali, na mali haimiliki mali, hivyo huwezi kumwachia kasuku fedha. Minnesota ilikuwa ya mwisho kati ya majimbo 50 kuruhusu, mwaka 2016, amana ya kumtunza mnyama baada ya mwenyewe kufa. Unamtaja mlezi, unamtaja msimamizi wa fedha, na amana humalizika mnyama akifa. Wakili atakuandikia. Hapa kwetu ipo pia MAARS, taasisi ya hisani inayoshughulikia kasuku waliokosa makao, lakini usiifanye taasisi yoyote kuwa mpango wako wa kwanza. Zungumza nao ungali na afya.

Mimi nimempata binti wa jirani, mwenye miaka 29. Huja kila Jumamosi, anamlisha, anasafisha tundu, na nimemwandikia daftari: vyakula, maradhi aliyowahi kuugua, maneno anayoyajua, vitu anavyoviogopa. Amana nimekwishatia saini. Juzi kasuku alimwita yeye: "Njoo unywe chai!" Moyo uliniuma, maana nilijua sauti ile itahamia nyumba nyengine. Lakini ni bora ihamie kwa anayeijua.

Basi anayetaka kununua kasuku, kabla hajauliza bei, ajumlishe umri wake na miaka 50. Jawabu likimtisha, atafute kwanza jina la mtu wa pili, na mtu huyo awe amekubali.