Mgeni wa heshima Kakamega: kaviari, samaki wa moshi na kumbikumbi

Mtu wa pwani anayeishi Kakamega akitaka kumkirimu mgeni mkubwa, hukumbuka kwanza vya mbali: kaviari ya dukani Nairobi au sulisuli wa moshi wa Malindi. Hakuna ubaya. Lakini chakula cha anasa huharibika upesi kuliko ugali, na mgeni Mwislamu ana haki ya kujua anachopewa. Haya ndiyo ya kuzingatia.

Kaviari. Ni mayai ya samaki aitwaye stajeni, yaliyotiwa chumvi kidogo. Sifa yake ilitoka Bahari ya Kaspi, lakini siku hizi mengi hutoka kwa samaki wa kufugwa, na Madagaska nayo inazalisha. Gramu 15 hadi 30 zinamtosha mtu mmoja. Kopo likae kwenye barafu mpaka dakika ya kula, na likifunguliwa liishe ndani ya siku mbili. Usitumie kijiko cha fedha, kwani hubadilisha ladha. Cha pembe, mbao au plastiki kinafaa. Chapati nyembamba zisizo na mafuta mengi zinatosha kuandamana nayo.

Kwa upande wa dini, madhehebu ya Shafi yanaruhusu samaki wote. Mashia hushurutisha magamba, na ndiyo sababu kaviari ilikuwa na mjadala Iran hadi Ayatullah Khomeini alipoihalalisha mwaka 1983.

Samaki wa moshi. Wako wa namna mbili. Sulisuli wa Malindi na Watamu hupigwa moshi wa baridi, usiozidi nyuzi 30 hivi, kwa hiyo hajaiva. Hukatwa vipande vyembamba kama karatasi na kuliwa kwa ndimu na pilipili manga. Kutoka Malindi hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 900. Asiposafirishwa kwenye barafu, usimle. Samaki aliyefungwa kwenye mfuko usio na hewa akipata joto anaweza kufanya sumu isiyobadilisha harufu wala ladha, nayo huua. Wajawazito wasile kabisa samaki wa moshi wa baridi.

Namna ya pili ni moshi wa moto, kama kambare na kamongo wa Ziwa Victoria wanaouzwa katika masoko ya magharibi. Hao wamepikwa na moshi wenyewe. Waoshe kwa maji moto, uwachemshe vizuri katika mchuzi wa karanga, au wa tui la nazi na ukwaju kama kwetu.

Vya Kakamega wenyewe. Kwa Waluhya heshima ya mgeni ni kuku, ingokho, na firigisi yake, imondo, huwekewa mwanamume anayeheshimiwa mezani. Ukipewa wewe, fahamu umetukuzwa. Muhimu ni achinjwe na Mwislamu, jambo lisilo gumu katika kaunti yenye Mumias, ambako misafara ya Waswahili ilifikisha Uislamu katika karne ya 19.

Kumbikumbi, yaani tsiswa, hutoka baada ya mvua na hukaangwa kwa chumvi. Hapa tahadhari: nzige ametajwa katika hadithi kuwa halali, lakini wadudu wengine wana khitilafu, na Shafi hawawaruhusu. Waweke sahani ya peke yake, umwambie mgeni ni nini. Si adabu kumlisha mtu kwa kumficha.

Kinywaji. Mapishi ya Kizungu huandamanisha vyakula hivi na mvinyo. Maji ya ndimu au ukwaju baridi hukata chumvi na mafuta vizuri tu. Soma pia maandishi ya pakiti, kwani baadhi ya samaki wa kigeni hulowekwa katika pombe.

Kama huna barafu ya uhakika, acha kopo la kaviari dukani. Ingokho aliyechinjwa asubuhi, na kambare aliyechemka sawasawa, havimtii mgeni hofu wala mwenyeji deni.