Bandari ya Kale: Twapiga picha huku maneno yakizama

Juzi niliandamana na wanafunzi wangu kuzuru Bandari ya Kale, Mombasa. Kama wafanyavyo wageni wengi, tulianzia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 na ambayo UNESCO iliitambua kuwa turathi ya dunia mwaka wa 2011. Tukapenya vichochoro vya Mji wa Kale tukistaajabia milango ya nakshi, hadi tukatokea majini. Simu zikatoka mifukoni. Picha zikapigwa, wee!

Mbele yetu jahazi lilikuwa limetia nanga. Nami, kama ilivyo ada ya walimu, sikukosa methali ya kuwakoga nayo wanafunzi: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzee mmoja aliyekuwa akishona tanga kando yetu aliinua uso, akaniambia kwa upole: “Mwalimu, hebu waonyeshe hawa watoto tezi ni wapi.”

Nilibabaika. Methali hiyo nimeifundisha miaka na mikaka na kuitungia maswali ya mtihani. Nikanyosha kidole mbele ya jahazi. Mzee akacheka.

“Hiyo ni omo. Tezi ni kule nyuma, kwa mshika usukani. Na ngama ni huko chini ndani, maji yanakokusanyika yapate kuchotwa.”

Aibu iliyoje! Lakini fedheha yangu ilinifungua macho. Bandari hii haikujengwa kwa mawe tu, bali kwa maneno pia.

Umaarufu wake ni wa tangu jadi. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja karibu mwaka wa 1331, akiwa njiani kwenda Kilwa. Vasco da Gama akafika mwaka wa 1498. Ila waliokuja kila mwaka ni mabaharia. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi iliposhika zamu, yakarejea. Katikati ya pepo hizo watu walingoja, wakauziana, wakaoana, wakazungumza. Hata dira yetu ilitokana na pepo hizo: kaskazini na kusini.

Kila mgeni aliacha neno. Bandari, nahodha na nanga yana asili ya Kiajemi. Gati limetoka Bara Hindi. Meli, nalo, linatokana na jina la Kiingereza la barua zilizobebwa na vyombo hivyo. Mgeni anayedhani amekuja kutazama ngome, kumbe amesimama juu ya kamusi!

Kisha zikaja meli kubwa zilizohitaji maji mengi. Shughuli zikahamia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, jina linalojieleza lenyewe: kilindi ni maji ya kina kirefu. Majahazi yakapungua, na kazi ilipopungua, maneno ya kazi yakakosa wasemaji.

Kuna watakaosema kwamba lugha hubadilika na kila zama zina maneno yake. Sibishi. Lakini methali yenyewe hatujaiacha. Tunaikariri shuleni na kuitahini, ilhali hatujui inachokisema. Tumebaki na kaka, yai limetutoka.

Dawa ipo, na si ghali. Waongoza watalii wasiishie kutaja miaka na majina ya magavana wa Kireno. Wamwambie mgeni tezi, omo na ngama. Walimu tuwapeleke wanafunzi bandarini na daftari, si simu pekee. Na wazee kama yule mshona tanga warekodiwe wangali hai.

Wiki hii nimeirudia methali ile darasani. Kabla ya kuiandika, nilichora jahazi ubaoni. Nilianza na tezi.