Daftari la Senti Kumi Lililozaa Ramani za Anga

Mei 15, 1918, Rais Woodrow Wilson alikuwapo Washington kuishuhudia ndege ya kwanza ya ratiba ya posta ya Marekani ikiruka kwenda Philadelphia, upande wa kaskazini. Rubani wake, Luteni George Boyle, alikuwa na ramani ya barabara. Akafuata reli, kumbe siyo yenyewe. Akaja kuangukia Waldorf, Maryland, kusini mwa mji aliotoka, propela ikavunjika, na barua zikarudishwa Washington kwa gari.

Boyle halaumiki. Ramani ya barabara humwonyesha msafiri njia panda; haimwambii mlima una kimo gani wala wapi ndege inaweza kutua. Ramani ya kwanza ya njia ya anga ya serikali ya Marekani ilichapishwa 1927, nayo ilikuwa ukanda mwembamba tu kutoka Kansas City hadi Moline.

Marubani hawakungoja. Mwaka 1930 Elrey Jeppesen, aliyekuwa akipeleka barua juu ya milima ya magharibi ya Marekani, alinunua daftari la senti kumi. Humo akaandika urefu wa viwanja vya ndege, miteremko yake, taa, na vikwazo vya kandokando. Siku za mapumziko alipanda vilele na minara ya maji akiwa na kipimamwinuko, apate kimo sahihi. Aliandika hata namba za simu za wakulima wa njiani, awaulize hali ya hewa. Hapo ndipo ninapoona asili ya ramani ya jamii, ile inayochorwa na watu wenyewe: mkulima anatazama mawingu juu ya shamba lake, rubani anaokoka.

Wenzake walimwomba nakala. Mwaka 1934 akaanza kuziuza kwa dola 10, na daftari likawa kampuni kubwa.

Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa uliweka msingi wa kanuni za pamoja za ramani za anga, na baadaye mabadiliko makubwa yakapangiwa mzunguko wa siku 28. Nchini Marekani, ramani za serikali hazina hakimiliki. Ulaya ni tofauti: nchi kadhaa huziuza na kukataza kunakiliwa, hivyo rubani wa ndege ndogo anayevuka mipaka miwili kwa mchana mmoja huenda akalazimika kulipia kila nchi.

OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ilionyesha kwamba raia wanaweza kuchora ramani yao wenyewe. Marubani nao wakafuata. Katika miradi ya openAIP na open flightmaps, watu wa kujitolea husoma matangazo rasmi ya usafiri wa anga, wakachora mipaka ya anga iliyozuiwa, wakaandika masafa ya redio na viwanja vidogo vya nyasi, kisha wakatoa yote bure.

Wapo wanaohofia kazi hii, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa mstari mmoja uliokosewa unaweza kumwingiza mtu kwenye eneo la mazoezi ya kijeshi. Hata hivyo naiunga mkono. Taarifa za kumwepusha mtu na kifo hazifai kufungiwa, mradi kila ramani ioneshe tarehe yake.

Ewe rubani, soma matangazo rasmi kabla ya kila safari. Na ukiona mnara mpya ambao haumo ramanini, uripoti siku hiyohiyo, kabla mwenzako hajapita hapo kwenye ukungu.