UZI: Gunia la mbolea lilifikaje jukwaani?

Kila msimu wa kampeni mnasikia mambo mawili. Huyu anasema atashusha bei ya mbolea. Yule anasema kemikali zimeua udongo, turudi kwa kilimo hai cha mababu. Watu wanapiga makofi kotekote na hakuna anayeuliza tulifikaje hapa. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si mtaalamu wa udongo, lakini hii hadithi ni ya siasa kutoka mwanzo. Tulieni kidogo.

Tuanze na hiyo "turudi kwa mababu". Mababu walipumzisha shamba. Ukilima hapa miaka michache, unahamia pale, udongo unajirudisha. Hiyo inahitaji ardhi kubwa, na mkoloni aliichukua. Watu wakabanwa kwenye maeneo ya hifadhi, wakalima kipande kilekile kila mwaka, kisha wakaambiwa wao ndio wanaharibu udongo. Wakalazimishwa kuchimba matuta bila malipo, na kazi kubwa ikaangukia kina mama. Murang'a walikataa 1947, na 1948 wanawake waliandamana hadi makao ya wilaya. Matuta yenyewe yanasaidia, hilo halina ubishi. Kilichowaudhi ni kuamriwa shambani mwao na mtu aliyewanyang'anya shamba lingine.

Sasa mahindi. Kitale walitoa mbegu chotara ya kwanza, Hybrid 611, mwaka wa 1964. Wakulima waliipokea mbio, wala si kwa kudanganywa: ilizaa. Lakini ilikuja na masharti yake. Mbegu unanunua kila msimu, maana ukipanda uliyohifadhi mavuno yanashuka. Na ili izae vile inavyoweza, inataka chakula kingi. Hapo ndipo gunia la mbolea lilipoingia jikoni mwetu.

Mbolea yenyewe inatoka nje. Serikali ilijaribu kutengeneza yetu: Ken-Ren, kiwanda cha Mombasa, mkataba wa 1975 na kampuni ya Marekani, mikopo kutoka Austria na Ubelgiji, serikali ikaweka dhamana. Hakikutoa hata kilo moja. Deni, hata hivyo, lilizaa vizuri sana, na walipa kodi waliendelea kulilipa hata baada ya 2000. Ukisikia mtu anaahidi kiwanda cha mbolea, muulize kwanza kuhusu hiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 udhibiti wa bei ukaondolewa na soko likafunguliwa. Mbolea ikafika hadi kwa duka la kijijini, hilo lilikuwa jema. Lakini bei sasa ikawa mikononi mwa dunia. 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000. Ruzuku ikalishusha hadi 3,500, baadaye 2,500. Halafu 2024 ikagundulika kwamba baadhi ya magunia ya ruzuku hayakuwa na mbolea ya maana. Mtu amepanda, amepalilia, amengoja mvua, kumbe alizika mchanga. Msimu ukipotea hivyo hakuna wa kukurudishia.

Na udongo? Chukua DAP, ile karibu kila mtu anapandia. Amonia yake ikibadilika udongoni huongeza asidi. Ukiitumia miaka nenda miaka rudi bila chokaa wala samadi, udongo unakuwa mchungu, na fosforasi uliyonunua kwa pesa nyingi inafungwa humo humo, mizizi haiipati. Kwa hivyo mkulima anaongeza gunia, mavuno hayaongezeki. Ahadi ya "mbolea nyingi zaidi" haigusi tatizo hili kabisa.

Ndiyo maana mimi naegemea kilimo hai, na si kwa sababu ya mababu. Kule Mbita, watafiti wa ICIPE walikuza mbinu ya sukuma-vuta: desmodiamu katikati ya mahindi, nepia pembeni. Harufu ya desmodiamu inafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nepia inawavuta nje. Juu ya hayo, desmodiamu inaleta naitrojeni na inakandamiza striga, ile kayongo inayosumbua Nyanza. Ng'ombe anakula zote mbili. Hakuna meli inayongojwa bandarini.

Majaribio ya muda mrefu yaliyoanza 2007 Chuka na Thika yalionyesha kwamba mahindi ya kilimo hai yakipewa mboji ya kutosha yanafikia yale ya kemikali. Ila faida ilianza kuonekana vizuri kuanzia mwaka wa tano hivi. Someni tena: mwaka wa tano. Nani atamlipia mwenye ekari moja karo ya watoto miaka hiyo minne ya kungoja? Na mboji ya kutosha inataka mifugo na mikono. Shosho wangu ana ng'ombe mmoja, mwambie ajaze shamba zima samadi uone atakavyokuangalia.

Kabla hamjanirushia mawe, naijua Sri Lanka. 2021 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza mbolea za kemikali, karibu ghafla. Mpunga ukaanguka, chai ikaumia, na kufikia Novemba mwaka huohuo walikuwa wamerudi nyuma. Wapinzani wa kilimo hai wanaitumia kama rungu. Mimi naona Murang'a ya 1948 tena: amri kutoka juu, mzigo kwa mwenye jembe.

Kwa hivyo mgombea akija kwenu, akiwa wa gunia au wa mboji, muulizeni hivi: bajeti ya kupima udongo wa kata hii ni pesa ngapi? Chokaa itafika lini? Maafisa wa ugani ni wangapi, na wana pikipiki? Mkulima anayeanza kilimo hai akivuna nusu mwaka wa kwanza, ile nusu nyingine inatoka mfuko gani?