Picha za Habari na Historia ya Kongo: Kutoka Baringa (1904) hadi Luano (1961)

Kiswahili hutumia neno moja, picha, kwa vitu viwili ambavyo wanahistoria hupenda kuvitenga: picha iliyopigwa kwa kamera na picha iliyochorwa kwa mkono. Zote mbili hutundikwa ukutani, hutazamwa na kuzungumziwa kwa namna ile ile. Katika historia ya Kongo iko sababu ya kuziweka pamoja. Kamera ilishuhudia baadhi ya mambo makubwa ya nchi hii, na ushahidi wake ukageuza mawazo ya watu wa mbali. Mambo mengine, yenye uzito usiopungua, kamera haikuyaona, na pale ndipo wachoraji waliposhika kazi. Hapa chini yatachunguzwa matukio hayo kwa swali moja: picha ya habari hupewa maana na nani?

1. Baringa, 1904

Tarehe 14 Mei 1904, mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misheni ya Waprotestanti wa Kiingereza huko Baringa, katika bonde la mto Maringa. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni iliyopewa haki ya kukusanya utomvu wa mpira katika eneo hilo chini ya utawala wa Mfalme Leopold II. Mmisionari Alice Seeley Harris alimketisha Nsala barazani, mabaki yale yakawekwa mbele yake, naye akapiga picha.

Picha hiyo yafaa kutazamwa kwa makini. Haina vita, haina bunduki, haina mzungu wala askari. Mna mtu aliyeketi, anavitazama viungo viwili vidogo vilivyo mbele yake. Mtazamaji asiyeambiwa kitu hawezi kujua ni nani aliyeua, wala kwa nini. Sababu yenyewe haikuweza kuingia katika kamera: mpira uliotakiwa na viwanda vya Ulaya, kiasi kilichowekwa kwa kila kijiji, na adhabu iliyokipata kijiji kilichopungukiwa. Hayo hayana budi kusemwa.

Nayo yakasemwa. E. D. Morel, aliyewahi kuwa karani wa kampuni ya meli mjini Liverpool, alikuwa ameanzisha chama cha kutetea Kongo mwezi Machi wa mwaka ule ule, pamoja na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake juu ya maovu ya mpira ilikuwa imekwisha kuchapishwa. Morel aliitia picha ya Nsala katika kitabu chake. Bibi Harris na mumewe John nao walizunguka Uingereza na Marekani wakionyesha picha zao kwa taa maalumu iliyozikuza ukutani. Watu walikaa gizani, wakatazama, na huku wakisikia maelezo. Nguvu ya picha ilikuwa kubwa hata mwandishi Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905, akamwonyesha Leopold akiilalamikia kamera ya Kodak kuliko wapinzani wake wote. Mwaka 1908 mfalme aliachia Kongo, nayo ikawa koloni la Ubelgiji.

Hata hivyo, ushindi huo una upande wake wa pili. Katika miaka ya 1904 na 1905 tume ya uchunguzi ilipita Kongo ikasikiliza mashahidi wengi. Miongoni mwao alikuwa Lontulu, chifu wa Bolima, aliyeweka mezani vijiti 110, kila kijiti kikiwa ni mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Ripoti ya tume ilichapishwa mwaka 1905, lakini maneno ya mashahidi hayakuchapishwa pamoja nayo. Yalifungiwa katika hifadhi ya hati kwa miaka mingi. Kwa hiyo macho ya Ulaya yalimwona Nsala aliyenyamaza, ila masikio yake hayakumsikia Lontulu aliyesema na kuhesabu. Picha iliomba huruma, na huruma ikaja. Lakini mwenye kuhurumiwa haulizwi atakalo. Mwaka 1908 Mkongomani alibadilishiwa mtawala, pasipo mtu kumwuliza ni nani anayepaswa kutawala.

2. Ndjili, 1960

Tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, Mjerumani Robert Lebeck alipiga picha katika barabara kuu ya Léopoldville. Mfalme Baudouin amesimama katika gari lililo wazi, na kijana Mkongomani akimbia pembeni akiwa ameunyakua upanga wake. Upanga ulirudishwa baada ya muda mfupi, lakini picha ilibaki. Aliyeufurahia uhuru aliona ndani yake mwisho wa ukoloni. Aliyeuogopa aliona mwanzo wa fujo. Picha ni ile ile moja, na kila mtu aliisoma kwa macho aliyokuja nayo.

Miezi mitano baadaye zikaja picha nzito zaidi. Patrice Lumumba alikuwa ameachishwa uwaziri mkuu na Rais Kasavubu tarehe 5 Septemba, na baada ya siku chache Kanali Mobutu akatwaa mamlaka. Mwishoni mwa Novemba Lumumba alitoroka nyumba yake iliyozungukwa na askari, akashika njia ya Stanleyville. Alikamatwa karibu na mto Sankuru, na tarehe 2 Desemba akashushwa kwenye kiwanja cha ndege cha Ndjili, mikono imefungwa nyuma.

Wapiga picha walikuwapo, na wenye kamera za sinema pia. Jambo hili lastahili kuzingatiwa. Picha za Ndjili hazikuibwa kwa siri kama ushahidi wa uovu uliofichwa. Askari walimshika mateka nywele na kumwinua kichwa mbele ya kamera. Waliomkamata walitaka aonekane. Watu waone kwamba mkubwa ameanguka, na habari yake imekwisha.

Matokeo yalikuwa kinyume. Lumumba aliyefungwa hakulia wala hakuomba, na utulivu wa uso wake uliwapita nguvu waliomshika. Kifo chake kilipotangazwa mwezi Februari 1961, waandamanaji walijaa mabarabarani katika miji mingi ya dunia; balozi za Ubelgiji zilishambuliwa mjini Cairo na Belgrade, na fujo zikaingia hata katika ukumbi wa Baraza la Usalama mjini New York. Picha iliyokusudiwa kumwaibisha ikawa imemtakasa. Aliyeruhusu picha ipigwe hana uwezo wa kuamuru itakavyosomwa.

3. Luano, 1961: picha isiyokuwapo

Somo hilo laelekea kuwa lilieleweka haraka. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Joseph Okito na Maurice Mpolo walipelekwa kwa ndege hadi kiwanja cha Luano, karibu na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Askari wa Kiswidi wa Umoja wa Mataifa waliwaona kwa mbali wakishushwa. Usiku ule ule wakapigwa risasi porini, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mara hii dunia haikuletewa picha yoyote. Miili ikafukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, isije ikawa na kaburi. Tarehe 13 Februari Waziri Godefroid Munongo alitangaza kwamba wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Pasipo mwili na pasipo picha, neno la serikali lilisimama peke yake. Ilihitajika miaka karibu arobaini, hadi kitabu cha Ludo De Witte cha 1999 na uchunguzi wa bunge la Ubelgiji uliofuata, ndipo hati zikatoa habari kamili. Mwezi Juni 2022 jeneza la Lumumba lilirudishwa nyumbani na kupigwa picha kila lilipopita. Ndani yake mlikuwa na jino moja.

Lakini Katanga haikungoja hati. Katika miji ya migodi wachoraji waliwauzia wafanyakazi picha za kutundika sebuleni. Mashuhuri zaidi ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya mia moja za historia ya nchi, akizieleza kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuoni Lubumbashi. Sifa iliyotakiwa katika picha za namna hii iliitwa ukumbusho. Neno hilo halimaanishi nakala ya kilichoonekana. Picha ya ukumbusho ni ile inayomfanya mtazamaji akumbuke na kusimulia.

Tshibumba alichora Lumumba aliyekamatwa, ambaye dunia ilikwisha kumwona katika magazeti, na akachora pia kile ambacho hakuna gazeti lililokionyesha: miili mitatu imelala chini, na nyuma yake misalaba mitatu juu ya kilima. Kile kilichonyimwa watu, yaani mwili, mahali na tarehe, yeye alikirudisha. Tena maneno aliyaandika mwenyewe juu ya turubai. Maelezo ya picha ya Nsala yaliandikwa na Waingereza, na yale ya Ndjili na wanahabari wa kigeni. Hapa mwenye nchi alikuwa mchoraji na mwandishi pia.

Hapana budi kuongeza kwamba mchoro nao una mipaka. Misalaba humfanya Lumumba kuwa sadaka, na sadaka haina haja ya kueleza shaba ya Katanga wala maofisa waliosimama kando usiku ule. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuuamini mchoro bila kuuliza, kama asivyoruhusiwa kuiamini kamera.

4. Hitimisho

Katika matukio yote haya picha hazikusema uongo. Nsala alikuwapo, Ndjili ilikuwapo. Upungufu ulitoka kwa waliosema juu yake, na kwa wale walionyimwa kusema. Kwa sababu hiyo msomaji wa picha ya habari ana maswali matatu ya kuuliza: ni nani aliyetaka ipigwe, ni nani aliyeandika maneno yaliyo chini yake, na ni nani aliyekuwapo lakini hakusikilizwa.

Maswali hayo hayajazeeka. Tangu vita vya 1996, mashariki ya Kongo imepigwa picha nyingi: mama mwenye godoro kichwani, mtoto mwenye bunduki, umati barabarani. Mara nyingi chini ya picha huandikwa jina la mpiga picha na jina la mji, na mama yule hana jina. Yeye ni Nsala asiye na hata jina la kijiji chake. Kazi ya wanafunzi wa historia na wa Kiswahili ni kwenda na picha hizo kwa wale walioonyeshwa ndani yake, wangali hai, na kuandika wanayoyasema katika lugha wanayoisema. Vijiti vya Lontulu vilikaa gizani miaka mingi mno.