Kadi za Waifai na Historia ya Makatizo ya Kompyuta

Katizo, katika taaluma ya kompyuta, ni ishara ambayo kifaa hukipelekea kichakataji ili kisimamishe kwa muda kazi kinayoifanya, kikihudumie kifaa hicho, kisha kirejee pale kilipoachia. Miongoni mwa mashine za kwanza kuutumia utaratibu huo ni DYSEAC, iliyoundwa Marekani na National Bureau of Standards mwaka 1954. Bila makatizo, kichakataji hulazimika kukipitia kila kifaa kimoja baada ya kingine, kikiuliza habari ambazo mara nyingi hazipo. Hata hivyo, si wataalamu wote walioufurahia. Edsger Dijkstra wa Uholanzi, aliyeandika programu ya kushughulikia makatizo ya kompyuta ya Electrologica X1 mwishoni mwa miaka ya 1950, aliingiwa na hofu pale wazo hilo lilipopendekezwa, kwa kuwa aliona kwamba ishara inayoweza kuingia wakati wowote ingezaa makosa yanayotokea mara moja, kisha yasitokee tena mbele ya mchunguzi. Miongo minne baadaye, wenye kompyuta mpakato waliokatikiwa na mtandao bila sababu ya wazi walikuwa wanakutana na jambo lile lile.

Chanzo cha matatizo yao kilikuwa uhaba wa nyaya. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya Intel 8259, yenye njia 8 tu za makatizo, na ile ya PC/AT ya mwaka 1984 iliongeza chipu ya pili iliyoning'inizwa kwenye njia mojawapo ya ile ya kwanza, hivyo zikabaki njia 15 kwa vifaa vyote. Saa, kibodi na diski zilikuwa zimekwisha kujitwalia zao. Katika nyaya za ISA, yaani njia za kuunganishia kadi za wakati huo, ishara ilitambuliwa kwa badiliko la ghafla la umeme, na kadi mbili zilizowekwa kwenye njia moja ziliweza kufunikiana ishara zao.

Mfumo wa PCI, uliotoka mwaka 1992, uliruhusu kushirikiana njia kwa kuubadili utaratibu wenyewe: kila kifaa kinachohitaji huduma huushikilia waya katika hali ya wito hadi kihudumiwe, nayo programu endeshi ya kila kifaa, yaani kiendeshi, hutakiwa kukagua kama wito ni wa kifaa chake. Ni kama wapangaji wa nyumba moja wenye kengele moja ya mlangoni. Utaratibu huu ni mzuri iwapo kila mmoja ataitikia. Lakini kifaa kikiita na kiendeshi chake kikakosekana, au kikakana wito, waya hubaki katika hali ya wito na kichakataji huitwa tena na tena bila kikomo. Ndiyo sababu kerneli ya Linux, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi huo, ilipewa kinga: ikihesabu makatizo 100,000 kwenye njia moja na kukuta zaidi ya 99,900 hayakuitikiwa na yeyote, huifunga njia nzima. Vifaa vyote vinavyoitegemea njia hiyo hupoteza makatizo yake, vikiwamo visivyo na hatia.

Kadi ya waifai ilikuja kuwa mwathirika wa mara kwa mara. Kiwango cha IEEE 802.11, ambacho ndicho msingi wa waifai, kilipitishwa mwaka 1997. Kadi za mwanzo zilichomekwa ubavuni mwa kompyuta, baadaye zikahamia ndani katika umbo la Mini PCI, na kuanzia mwaka 2003 Centrino ya Intel ilizifanya kuwa kitu cha kawaida. Ndani ya kompyuta mpakato, kadi hiyo iliweza kujikuta kwenye njia moja na chipu ya sauti au ya USB, na mtumiaji aliyeona mtandao umekatika alikilaumu kiendeshi cha waifai hata pale mkosaji alipokuwa jirani.

Lawama nyingine, nzito zaidi, iliwastahili watengenezaji wa kompyuta. Tangu kuchapishwa kwa ACPI mwaka 1996, kiwango kilichoandaliwa na Intel, Microsoft na Toshiba, majedwali yaliyomo kwenye kompyuta yenyewe ndiyo yanayoueleza mfumo endeshi waya upi unafika wapi. Baadhi ya majedwali hayo yalijaribiwa kwa Windows pekee, kiasi kwamba kerneli ya Linux ilifundishwa kujitambulisha kama Windows pale majedwali yanapoiuliza. Mafundi nao walijifunza kuwasha kompyuta kwa maagizo kama noapic, pci=noacpi na irqpoll, na kusoma faili la /proc/interrupts, ambamo hesabu inayobaki sifuri kwa kadi iliyokwisha kuwashwa huonyesha kwamba ishara zake hazifiki, ilhali hesabu inayopaa kwa kasi isiyolingana na kazi huonyesha wito usiozimwa.

Dawa iliyolenga chanzo ilikuwa kuuacha waya. Toleo la PCI la mwaka 1998 lilileta makatizo ya ujumbe, MSI, ambapo kifaa huandika data ndogo kwenye anwani maalumu ya kumbukumbu, kila kifaa na ujumbe wake, na ujirani wa kulazimishwa ukaisha. Hata hivyo, baadhi ya chipu za ubao mama ziliutekeleza utaratibu huo vibaya, ndipo orodha ya maagizo ikaongezewa jingine, pci=nomsi, linalovirudisha vifaa kwenye njia za zamani.